Mkufu kwa jirani: niweke vitu vya marehemu baba mtandaoni?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani hapa Tanga, nauza vitenge na kushona kidogo. Baba yetu alifariki mwaka juzi na sanduku lake la bati likabaki kwangu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naishi naye. Ndani mna hati ya nyumba, vyeti vyetu vya kuzaliwa, talaka ya shangazi yetu mmoja (usiniulize ilifikaje mle), risiti za kodi ya kiwanja tangu enzi za Mwalimu, na bahasha tatu za picha. Picha nyingi ni za harusi ya wazazi wetu na za mashangazi. Nyingine zilipigwa chumbani kwa wanawake: vichwa wazi, nywele zimesukwa, vikuba vya asumini vifuani.

Masika iliyopita paa lilivuja juu ya sanduku. Hati ilipona kwa sababu baba aliifunga kwenye nailoni, lakini picha mbili zimegandana uso kwa uso mpaka leo. Moja ni ya mama akiwa bibi harusi, na hatuna nyingine.

Mwanangu wa kwanza anafanya kazi Muscat. Nilipomweleza akasema, "Mama, kila kitu kitie kwenye simu, mimi nitakulipia nafasi Google. Hata nyumba ikiungua, vitu vyako vipo." Nikaona kasema neno. Nikampelekea kijana wa steshenari hati na vyeti, akavipitisha kwenye mashine, akanitumia kwa WhatsApp. Picha nikasema nitazifanya nikipata nafasi.

Kaka yangu mkubwa aliposikia alikuja mpaka nyumbani. Ni mwalimu mstaafu, anasoma sana, na akishasoma jambo hana utani nalo. "Unawapa Wazungu hati ya baba? Hao wametozwa faini za mabilioni kwa kuuza habari za watu." Akaongeza kuwa simu hizi zinatusikiliza. Hapo nilinyamaza, Shangazi, kwa sababu wiki ile ile nilizungumza na dada yangu kwa simu kuhusu goti linalonisumbua, na jioni Facebook ikaniletea tangazo la dawa ya goti. Sikuwa nimeandika popote.

Nina hofu nyingine ambayo hata kaka sikumwambia. Mwaka jana binti yangu alikopa shilingi 80,000 kwenye programu moja ya mikopo ya simu. Alipochelewa siku 4, ujumbe ulitumwa kwa watu wote waliomo kwenye simu yake, mpaka kwa ustadhi wake wa madrasa, kwamba yeye ni tapeli. Aibu ile haijaisha mtaani. Nikajiuliza, ikiwa kikampuni kisichojulikana hata kilipo kimetufanyia vile, haya makubwa yenye kila kitu chetu yatatufanyia nini?

Mwanangu kanuna, anasema mjomba wake anamchelewesha kila mtu. Mjomba naye hapokei simu za Muscat. Mimi nimebaki katikati na sanduku langu. Niambie, makampuni haya yanaaminika au hayaaminiki?

Mama Wawili, Tanga


Mama Wawili, marahaba.

Kabla sijawa shangazi wa watu wote, nilikaa masjala ya ofisi moja miaka 19 nikitunza mafaili ya siri. Katika miaka yote hiyo halikuibiwa hata faili moja. Yalikuwa yanasomwa. Mkubwa anapita, "Bibie, nipatie faili la fulani," kazi nalo hana, anataka tu kujua mshahara wa shemeji yake. Kitasa kizima, daftari la kutolea mafaili limesainiwa vizuri, na siri za watu ziko sokoni. Tangu hapo, mtu akiniuliza kama fulani anaaminika kutunza kitu, nami humuuliza: unachoogopa ni kiibiwe, kipotee, au kitumiwe?

Wewe umeuliza yote matatu kwa mpigo, ndiyo maana mjomba na mpwa wanagombana na kila mmoja ana haki yake. Mwanao anazungumzia moto na wizi. Kaka anazungumzia matumizi. Hakuna anayemjibu mwenziwe.

Sisi watu wa pwani tuna neno amana. Unasafiri, unamwachia jirani mkufu wako wa dhahabu. Kazi yake ni kuufungia, ukirudi akupe. Sasa chukulia umerudi, unaingia kwenye harusi ya watu, unamkuta jirani kauvaa. Hajauuza, haijapungua hata pete moja ya mnyororo, na kesho yake anakuletea umeng'arishwa. Utamwita mwizi? Huwezi. Utamwachia tena? Ndipo ulipo ugumu wa hawa mabwana wakubwa. Kwa kufunga mlango, hakuna mtu Tanga nzima anayewafikia. Ila mkufu wanauvaa.

Kaka yako alisema faini, basi nikutajie inayonikera kuliko zote. Kati ya 2013 na 2019 Twitter iliwaambia watu: tupe namba yako ya simu tulinde akaunti yako, mtu akijaribu kuingia tukutambue. Watu wakatoa. Kumbe namba zile zile zikatumika kuwalengea matangazo. Mwaka 2022 ikatozwa dola milioni 150 huko Marekani. Hebu fikiria, mdogo wangu: umempa mtu kufuli akufungie, yeye kufuli lenyewe kalifanya biashara. Google nayo mwaka huo huo ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5, kwa sababu mtu alikuwa akizima sehemu ya kuhifadhi mahali alikopita, anadhani kamaliza, kumbe kuna sehemu nyingine yenye jina jingine inaendelea kuandika. Facebook ilitozwa dola bilioni 5 mwaka 2019. Fedha nyingi? Mwaka huo iliingiza zaidi ya dola bilioni 70. Piga hesabu, ni mapato ya chini ya mwezi mmoja. Muuza maandazi akipigwa faini ya namna hiyo keshokutwa yuko barazani pale pale na karai lake.

Hivyo kaka hajakosea. Ila neno "kuuza" alirekebishe. Mwenye dawa ya goti hapewi jina lako wala namba yako. Anailipa Facebook, anasema, nifikishie kwa wanawake wa Tanga wa umri huu mpaka huu, na Facebook inamfikisha. Habari zako inazikalia yenyewe, maana ndizo mtaji wake. Ikiziuza leo, kesho itauza nini? Pale zilipoiponyoka kweli, mlango ulifunguliwa na marafiki. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba watu kama 270,000 walijaza programu ya maswali kwenye Facebook, nayo ikachota habari za marafiki zao pia, mpaka zikafika za watu milioni 87 na kuishia kwa kampuni ya Cambridge Analytica, iliyokuwa ikifanya kazi za kampeni za kisiasa. Wengi katika hao milioni 87 hawakubonyeza chochote. Rafiki alibonyeza kwa niaba yao. Neno hili liweke, nitalirudia nikifika kwa mashangazi zako.

Goti. Najua utanibishia, lakini mpaka leo sijaona ushahidi kwamba Facebook inasikiliza mazungumzo ya simu ili ilete matangazo, nayo imekana mara nyingi. Wewe hukuandika popote, sawa. Dada je? Ninavyowajua dada, simu ilipokatwa tu alikwenda kutafuta "maumivu ya goti" akusaidie. Facebook inajua nyinyi ni ndugu, inajua umri wako na mji wako. Na matangazo ya magoti hutupitia sisi kina mama kila siku. La siku ile ndilo ulilolitazama kwa sababu goti lilikuwa akilini. Hata hivyo sikuambii ulale usingizi. Mwaka 2019 ilibainika kwamba Apple ilikuwa na watu wa mkataba wanaosikiliza vipande vilivyorekodiwa na Siri, yule msaidizi wa sauti wa kwenye simu zake, vikiwemo vilivyonaswa mtu akiwa hakuiita. Ikaomba radhi, na Januari 2025 ikajulikana kwamba imekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya simu, uangalie ni programu zipi ulizozipa ruhusa ya maikrofoni. Utakuta tochi. Tochi inataka kusikia nini?

Sasa mwanao. Kwa moto na mvua, ana haki mia kwa mia. Kilichoko Google hakikai kwenye jengo moja, na mwizi wa kuvunja kule ni nadra; akaunti nyingi za watu huibiwa kwa nenosiri bovu au kwa mtu kutoa namba za siri kwa anayejidai ni huduma kwa wateja. Lakini kuna namna ya kupoteza ambayo kijana wa Muscat haifikirii: mwenye ghala kukufungia nje. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alimpiga picha mwanawe mdogo aliyekuwa na uvimbe sehemu za siri, ili daktari aione. Picha ikapanda Google kama picha zake zote, mashine ikaikamata kuwa ni ya udhalilishaji wa watoto, akaunti ikafungwa. Barua pepe, picha za miaka, hata namba ya simu aliyokuwa amepewa na Google, vyote vikaenda. Polisi walichunguza wakasema hakuna kosa. Google haikumrudishia. Gazeti la New York Times ndilo lililoandika kisa hicho mwaka 2022, na mpaka hapo alikuwa bado anabisha hodi. Bado hujahesabu masharti yanayobadilika: kuanzia 2015 Google waliwaambia watu waweke picha bure bila kikomo, kwa ubora uliopunguzwa kidogo, watu wakajaza, na Juni 2021 ubure ukaisha. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, ikiwa ni ya bure. Marehemu hagusi akaunti, mdogo wangu.

Haya, umenisikiliza nikiwasema watu wa California, kina Google hao, aya ngapi sasa. Nikuulize mimi: ile hati ya nyumba iko wapi dakika hii?

Iko kwenye kompyuta ya steshenari. Iko kwenye WhatsApp ya yule kijana, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya familia nzima, na akibadilisha simu atavihamisha bila hata kujua anavyo. Kompyuta ile inatumiwa na kila anayekuja kuchapa barua ya kuomba kazi, nusu ya mtaa wamechomeka flashi zao mle. Simsingizii kijana, huenda ni mtoto mwema kuliko wangu. Lakini anayetaka kughushi hati ya nyumba ya Ngamiani hatatoka California. Atatoka mtaa wa pili, anajua kuwa mzee kafariki, na anajua warithi hawasalimiani. Kesho asubuhi nenda ukasimame nyuma ya kiti chake, umwombe kwa adabu afute kwenye kompyuta, kwenye pipa la takataka la kompyuta, na kwenye WhatsApp. Mlipe hata buku ya usumbufu. Nami nakubali, wengi wetu tumefanya hivyo hivyo; nilituma kitambulisho changu cha NIDA kwa namba ya steshenari ya Kariakoo na mpaka leo sijui jina la yule dada.

Hali kadhalika ile programu ya mkopo. Umeipima ukasema, mdogo katufanyia hivi, mkubwa atafanyaje. Mimi naona kinyume chake. Mkubwa ana cha kupoteza, ana mahakama zinazomjua anwani. Kile kikampuni kiliweza kumwaibisha binti yako kwa kuwa siku ya kukisakinisha alikiruhusu kisome majina yote kwenye simu. Mwaka 2023 Google ndiyo iliyozikataza programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikafungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kama ile ya binti yako ilipakuliwa kwa kiungo alichotumiwa na mtu, nje ya duka, hakuna aliyeikagua. Na hilo la kumwita tapeli mbele ya ustadhi lina pa kupelekwa: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Wakusanyeni waliopata ujumbe ule, kila mmoja apige picha ya skrini yake ionekane namba na tarehe. Kuishtaki kampuni ya ng'ambo kutoka Tanga ni safari nyingine, sikudanganyi. Hii ya hapa nyumbani inawezekana.

Turudi kwenye sanduku. Ulipeleka hati na vyeti kwanza, picha ukaziacha. Ungefanya kinyume. Cheti cha kuzaliwa kikiloa, RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanayo kumbukumbu, utahangaika lakini utapata kingine. Hati ya nyumba iliyosajiliwa ina mwenzake kwa Msajili wa Hati. Picha ya mama yako akiwa bibi harusi haina mwenzake serikalini wala popote. Kama kuna kitu kinachostahili kukimbizwa mtandaoni ni zile bahasha tatu.

Hati iache ilivyo kwenye nailoni ya baba, ila itoke kwenye bati linalovuja. Mwanao akitaka nakala, mpigie picha wewe mwenyewe kwa simu yako mchana kweupe mlangoni, steshenari haihitajiki. Yeye aigeuze iwe PDF, aifunge kwa nenosiri, ndipo aipandishe. Hapo Google inatunza boksi ambalo ufunguo wake haina, hata ikitaka kuuvaa mkufu haiuoni. Nenosiri msitumiane kwa WhatsApp ile ile iliyobeba faili. Mtajie kwa mdomo, aandike kwenye daftari.

Picha za wanaume barazani, za watoto, za baba na baiskeli yake, pandisha leo. Zikivaliwa, zitavaliwa nini? Mashine itajifunza kutambua uso wa babu yako. Na hata hilo unaweza kuzuia: kwenye Google Photos ipo sehemu ya kukusanya picha kwa sura, izime. Si jambo dogo hilo la sura; mwaka 2024 Meta, kampuni yenye Facebook, ilikubali kulipa jimbo la Texas dola bilioni 1.4 kwa kesi ya kuchukua alama za nyuso za watu bila ridhaa yao.

Za chumbani ndizo zenye wenyewe. Wale mashangazi walipigwa picha wakijua mpiga picha ni mwanamke mwenzao na itakaa ndani ya bahasha. Wewe ukizipandisha unakuwa yule rafiki aliyebonyeza kwa niaba ya wengine. Walio hai waendee, kaa nao, wape picha waishike mkononi, waulize. Atakayesema "weka," weka. Atakayekataa, picha yake iingie kwenye diski ya nje tu, isiguse intaneti. Waliotangulia mbele ya haki, binti zao wanajua mama zao walikuwa watu wa namna gani. Na kwa kuwa umetaja WhatsApp, nikuonye mapema: hatari kubwa ya picha hizi ni kundi la ukoo. Shangazi mmoja atashukuru, ataituma kwa wajukuu, mjukuu ataiweka kwenye status yake, na jioni Tanga nzima imeona nywele za bibi. Google haina haraka kiasi hicho.

Nunueni diski mbili, msinunue moja. Moja ikae kwako, nyingine ikae kwa kaka. Nimesema kwa kaka kwa makusudi. Mtu aliyekuja mpaka nyumbani kutetea hati ya baba anastahili kupewa kitu cha kutunza, na akishaishika atampigia simu mpwa wake mwenyewe, maana hatajua kuifungua.

Akaunti iwe ya jina lako na namba yako. Mwanao alipe, sawa, lakini akaunti ikiwa yake, siku akikosana na mkewe au akibadilisha laini ya Oman mtakuwa mnabisha hodi kama baba wa San Francisco. Namba ya simu utakayoiweka iwe ile usiyoiacha, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye atakayepokea namba za siri za kufungulia picha za mama yako. Kwenye akaunti ya Google kuna pahala pa kutaja nani apewe vitu vyako ukikaa kimya miezi kadhaa. Mtaje mwanao, mtaje na kaka.

Zile mbili zilizogandana, usizibandue kwa kucha wala kwa mvuke wa birika, rangi itabaki upande mmoja. Picha nyingi za karatasi za zamani huachana zikilowekwa kwenye maji safi ya baridi kwa saa kadhaa, taratibu, mpaka zenyewe zilegee, halafu zinaanikwa chali kivulini uso juu. Nyingi, sikusema zote. Zikiwa zimepakwa rangi kwa mkono, maji yataiondoa, usithubutu. Kwanza zipige picha pande zote jinsi zilivyo. Halafu muulize kaka kama anamjua fundi yeyote wa zamani wa studio, wa enzi za chumba cha giza. Akiwepo hai, mpelekee yeye, na ukae palepale mpaka amalize.

Shangazi